JINA LA MTI NI MUHIMU: PROFESA ENGLER, MJAFARI NA BUSTANI ZA DAWA ZA SHARIKA ZETU



Katika mikutano ya kamati za miradi tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara, na safari yetu ya Chidya, Wilaya ya Masasi, lilikuja kwa ukali kidogo. Swali lenyewe ni hili: katika fomu ya bustani za miti dawa, kwa nini ofisi ya Dayosisi inalazimisha safu ya "jina la kitaalamu" ijazwe, wakati kila mtu kijijini anaujua mti wenyewe? Mzee mmoja wa usharika alisimama akasema, "Mti huu babu yangu aliujua kabla Mjerumani hajafika. Leo niandike jina la Mjerumani ndipo fedha zitoke?" Watu walicheka, na sisi tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki.

Wafadhili wetu nao wameuliza swali hilo hilo kwa upande wa pili. Wanaona katika hesabu zetu fedha za magazeti ya zamani, mbao za kubania majani na nauli ya kupeleka vifurushi Arusha, wakadhani tumepotea njia. Waliochangia walitaka kuona miche na afya za watu. Makala hii inajaribu kuwajibu wote wawili kwa pamoja.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha. Tulipoanza mradi, tulichukua orodha ya miti dawa iliyoandaliwa kwa ajili ya mkoa mwingine, tukaichapa kama kipeperushi na kuigawa. Orodha ilikuwa na majina ya kienyeji tu. Tulipoisoma Chidya mbele ya kamati, mama mmoja mtu mzima, mkunga wa jadi wa siku nyingi, aliomba tusimame. Jina moja ambalo kipeperushi kilisema ni la mti wa kuchemshia kikohozi, kwao ni la mti ambao mizizi yake inaogopwa. "Huo unaua," alisema, "na wanaoutumia kujidhuru wanaujua." Jina hilo hatuliandiki hapa kwa makusudi, lisije likasambaa tena na maelezo yasiyo yake. Tulirudi tukavikusanya vipeperushi vyote, kijiji kwa kijiji. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekuwa amekunywa.

Mti alioutaja mama yule tulionyeshwa siku iliyofuata. Kwa Kiswahili cha baadhi ya mahali huitwa mzigi, na jina lake la kitaalamu ni Securidaca longipedunculata. Una maua mazuri ya zambarau, na mzizi wake ukikwaruzwa hutoa harufu kali kama ya dawa ya kuchua misuli, kwa sababu una kemikali ya aina ile ile. Ni mti wa dawa katika nchi nyingi za Afrika, na ni mti wa sumu katika nchi hizo hizo. Aliyeuandika kwa jina hilo mwaka 1837 alikuwa daktari wa Frankfurt, Georg Fresenius, kutokana na mimea iliyokusanywa Ethiopia. Kwa hiyo mtu wa Ethiopia, wa Masasi na wa Zambia, ambao lugha zao hazifanani hata kidogo, wakiandika jina hilo moja wanazungumza juu ya mti mmoja, na onyo lililoandikwa na mmoja linamfaa mwingine. Hiyo ndiyo faida ya jina la kitaalamu, wala hakuna uchawi ndani yake.

"Engl." siyo Kiingereza

Mpango wa kuupa kila mmea majina mawili ya Kilatini ulienezwa na Carl Linnaeus wa Sweden, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Mkorosho, ambao ndio uchumi wa Masasi na Newala, aliuita yeye Anacardium occidentale. Baada ya majina mawili huandikwa kifupi cha jina la mtu aliyeuelezea mmea huo kwa mara ya kwanza katika maandishi. Herufi L. ni Linnaeus. Mwarobaini, ambao wengi hudhani ni wa kwetu ingawa ulitoka upande wa India, una kifupi cha Mfaransa.

Kifupi kinachojitokeza mara nyingi katika mimea ya Tanzania ni "Engl." Mwinjilisti mmoja alituambia alifikiri maana yake ni kwamba jina limeandikwa kwa Kiingereza. Hapana. Ni Adolf Engler, Mjerumani, aliyezaliwa tarehe 25 Machi 1844 katika mji wa Sagan, ambao siku hizi uko Poland, na kufariki Berlin mwaka 1930. Alifundisha Kiel na Breslau, kisha kuanzia mwaka 1889 hadi 1921 akawa mkurugenzi wa Bustani ya Mimea ya Berlin. Hiyo ilikuwa miaka ile ile ambayo nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na bustani hiyo ilifanywa kituo cha kupokea mimea kutoka makoloni yote. Maofisa, wamisionari, mabwana misitu na wasafiri walibana majani na maua katika karatasi, wakayakausha na kuyatuma kwa meli. Engler na wasaidizi wake waliyafungua mezani, wakayalinganisha, na yale yasiyokuwa na jina katika vitabu wakayapa jina.

Mwaka 1895 alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki, na sehemu yake moja ilihusu mimea yenye manufaa kwa watu. Mwaka 1902 alifika mwenyewe hadi Usambara, mwaka ambao taasisi ya utafiti ya Amani ilianzishwa. Huku kwetu kusini kazi ya kukusanya ilifanywa na wengine. Mmoja wao ni Walter Busse, aliyepita Lindi na uwanda wa juu wa Makonde mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake limebaki katika mti mmoja wa jamii ya miyombo, Brachystegia bussei.

Mjafari

Katika kitabu kile cha mwaka 1895 ndimo ulimoandikwa mti ambao karibu kila kamati imeuweka katika orodha yake: mjafari. Engler aliuita Zanthoxylum chalybeum. Neno la pili linatokana na neno la Kiyunani la chuma cha pua. Ni wa ukoo mmoja na michungwa na milimao, na mtu akisugua jani lake mkononi atasikia harufu ya limau mara moja. Shina lake lina vinundu vigumu vyenye mwiba kwenye ncha, kiasi kwamba hakuna mtoto anayethubutu kuupanda. Matunda yake madogo yakikomaa hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa.

Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania huchemsha majani, magome au mizizi yake kwa ajili ya homa, kikohozi na maumivu ya tumbo, na vijiti vyake hutumika kama mswaki. Wataalamu wameukuta na kemikali za kundi la alkaloidi, ambamo kwinini pia imo, na maji ya magome yake yamejaribiwa maabara dhidi ya vimelea vya malaria na kuonyesha nguvu. Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Nguvu ndani ya chupa ya maabara siyo tiba ya mtoto mwenye homa. Kipimo cha dozi hakijulikani, na kiasi cha dawa katika gome hubadilika kutoka mti hadi mti. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto. Kamati yoyote itakayoandika kwenye kibao cha bustani kwamba mjafari unaponya malaria, tutaomba kibao hicho kishushwe, hata kama kimechorwa vizuri.

Sasa tazameni jinsi jina lenyewe lilivyosafiri. Mwaka mmoja tu baada ya kuuandika, Engler alibadili mawazo, akauhamishia katika kundi lililoitwa Fagara, ukawa Fagara chalybea. Wataalamu waliofuata waliurudisha katika Zanthoxylum. Hivyo mtu akipata kitabu cha zamani cha dawa za asili na kuona Fagara chalybea, ajue ni mjafari ule ule. Katika kamati moja majina hayo mawili yaliandikwa kama miti miwili, na bajeti ya miche ikaombwa mara mbili. Hatusemi ilikuwa kwa nia mbaya.

Tatizo la upande wa pili ni kubwa zaidi. "Mjafari" siyo jina la mti mmoja. Liko pia Zanthoxylum holtzianum, lenye jina la Holtz, bwana misitu wa Kijerumani. Na uko mmoja ambao Engler aliupa jina la mkoa wetu wa zamani, akauita Fagara lindensis, yaani wa Lindi. Leo unaandikwa Zanthoxylum lindense, na aliyeuweka katika kundi lake sahihi ni Mwafrika mwenzetu, Profesa John Kokwaro wa Nairobi, mwandishi wa kitabu kinachojulikana cha mimea dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976. Yote hii ina miiba, yote inanukia, na mfanyabiashara wa unga sokoni ataiita yote mjafari. Lakini uchunguzi uliofanywa juu ya mmoja hauwezi kuhamishiwa kwa mwingine kwa sababu tu ya jina la sokoni.

Nani aliujua kwanza?

Tunarudi kwa mzee wa Chidya. Alichosema ni kweli. Engler hakugundua mjafari. Alichofanya ni kuuandika mahali ambapo watu wa nchi nyingine wangeweza kuuona. Katika majina tuliyoyataja hapa yumo Holtz na yumo Busse, lakini hayumo Mmakonde, Mmakua wala Myao. Wale waliobeba mizigo na kuonyesha njia ya kisima hawakuandikwa. Hili ni deni, na hatuoni sababu ya kulificha mbele ya wafadhili wetu walioko Ujerumani, ambao kwa kweli wao wenyewe wamekuwa wa kwanza kulizungumza.

Lipo jambo jingine linalofanya mazungumzo ya dawa yawe mazito huku. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 viliendeshwa kwa imani juu ya dawa, yaani maji yaliyoaminika kugeuza risasi. Misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanza mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani, ilichomwa katika vita hivyo. Baadaye ilikuja njaa kubwa. Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliwatazama waganga wote kwa jicho moja, na makanisa nayo, kwa sababu zake, mara nyingi yalifanya hivyo hivyo. Mpaka leo yapo makanisa ambamo mama anayejua majani ya kuoshea kidonda hathubutu kulisema hilo mbele ya mchungaji, asije akaitwa mshirikina. Sisi Walutheri ni wachache na wageni katika eneo hili ukilinganisha na Waanglikana, Wakatoliki na ndugu zetu Waislamu, kwa hiyo tunapaswa kusema kwa unyenyekevu. Hata hivyo msimamo wetu ni huu: ramli na kutafuta mchawi hatuvikubali, lakini ujuzi wa jani ni ujuzi, sawa na ujuzi wa mbegu. Nchi nayo imeutambua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili.

Wala si kila mchungaji wa zamani aliyakimbia majani. Mng'ongo, ambao matunda yake watoto wanayajua vizuri, uliwekwa katika kundi lake la Sclerocarya na Christian Ferdinand Hochstetter, aliyekuwa mchungaji wa Kiinjili katika mji wa Esslingen, kusini mwa Ujerumani. Pamoja na rafiki yake Steudel, ambaye alikuwa daktari, alianzisha chama cha kuchangishana fedha ili kuwatuma wakusanyaji wa mimea nchi za mbali, halafu kila mwanachama akapata fungu lake la mimea iliyokaushwa. Kamati za miradi zitatambua mtindo huo.

Kwa nini magazeti na mbao

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia jengo la mimea iliyokaushwa la Berlin. Sehemu kubwa ya hazina ile iliungua, zikiwemo karatasi nyingi ambazo Engler alizitumia kutoa majina. Kwa mimea mingi ya Tanzania, ile sampuli ya kwanza kabisa, ambayo ndiyo shahidi wa jina, haipo tena. Iliyookolewa ni ile ambayo mkusanyaji alikuwa amebana matawi mawili au matatu na kuyapeleka mahali tofauti. Nakala nyingine zilikuwa Kew huko Uingereza, nyingine Amani, ambako hazina yake ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kutokana na nakala hizo na makusanyo mapya, wataalamu waliweza kukamilisha mwaka 2012 orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1952, yenye spishi zaidi ya 12,000.

Ndiyo maana tunawaambia wanakamati: baneni nakala mbili kwa uchache. Moja hubaki ofisini kwetu, nyingine huenda Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ambako wataalamu huilinganisha na nyingine na kutujulisha jina. Tawi liwe na urefu wa kutosha kujaza ukurasa wa gazeti, na ni lazima liwe na maua au matunda, kwa sababu majani matupu huwadanganya hata maprofesa. Gazeti libadilishwe kila siku mpaka tawi likauke, hasa kwa ndugu zetu wa Newala wakati wa ukungu, la sivyo litaota kuvu. Na sampuli isiyo na lebo ni kuni. Andikeni kijiji, tarehe, jina la kienyeji pamoja na lugha yake, rangi ya ua likiwa bichi, na matumizi. Kwenye lebo ipo nafasi ya jina la mkusanyaji. Kwa lebo za Chidya tumeliandika jina la yule mama mkunga, kwa ridhaa yake. Aliuliza kama jina hilo litafika Arusha kweli. Limefika.

Mambo mawili ya shambani tusiyaache. La kwanza, mjafari unakufa mikononi mwetu. Anayetaka unga huchimba mzizi au kuvua gome kuzunguka shina lote, na mti ukivuliwa pande zote hukauka. Mashamba mapya ya korosho nayo yanafyeka vichaka ambamo ulikuwa ukiota. Tumieni majani. Gome likihitajika, likatwe ukanda mwembamba wa wima upande mmoja tu, na mti upumzike. Mbegu zake huota kwa shida na kwa kuachana, hivyo kamati isivunjike moyo kama vitalu viko tupu baada ya wiki chache. Kuhamisha miche iliyojiotea chini ya mti mama kumetusaidia zaidi.

La pili ni salfa. Kuanzia mwezi wa 6 mashamba ya mikorosho hupuliziwa unga wa salfa kwa ajili ya ubwiri unga, na upepo huupeleka unga huo mbali. Majani ya dawa yasichumwe kando ya shamba lililopuliziwa katika miezi hiyo. Bustani tatu tulizotembelea zilikuwa zimepakana na mikorosho upande upepo unakotokea, na tumeomba zihamishwe. Tunajua maana yake ni kuanza upya na kubeba maji upya, katika eneo ambalo ndoo ya maji siyo jambo dogo.

Fomu mpya zitatumwa kwa sharika zote pamoja na jarida hili. Safu ya jina la kitaalamu bado ipo, lakini tumeihamisha: sasa inakuja baada ya safu ya jina la Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na ofisi ndiyo itakayoijaza baada ya majibu kutoka Arusha. Kazi ya kamati ni kuleta tawi lenye ua. Miti mingi ya huku huchanua kati ya mwezi wa 10 na wa 12, mvua zinapoanza, kwa hiyo mbao za kubania zichukuliwe ofisini kabla ya hapo. Mbao ni chache, na sharika mbili zilizo jirani zinaweza kutumia moja kwa zamu.